Programu Iliyomshtaki Dada

Ofisini kwetu kila mtu humwita Shemeji, hata mlinzi wa getini ambaye hana undugu naye wa karibu wala wa mbali. Dada yake ameolewa na Bosi. Bosi alipokuwa akimwita "shemeji" mbele yetu, nasi tukadaka. Siku za mwanzo alikuwa akinuna, akidhani tunamsema kwamba kazi amepewa kindugu. Baadaye alizoea. Kusema kweli kazi aliipata kwa kuijua, maana sijaona mtu mwenye kichwa chepesi kama kile, wala mwenye shingo ngumu kama ile.

Mimi ni mpimaji wa programu. Wenzangu wakimaliza kuandika, hukaa na kazi yao nikatafuta namna ya kuiharibu kabla mteja hajaiharibu mwenyewe. Wananiita Mama Kasoro, na sijali, ilimradi wanisikilize. Shemeji hakuwa akinisikiliza sana. Ni kijana mwembamba anayekula amesimama, na ukimwonyesha kosa kwenye kazi yake atakushukuru kwa adabu zote, halafu atakueleza kwa nini si kosa.

Basi ikaja kazi ya hospitali. Walitaka manesi waachane na karatasi zilizokuwa zikining'inia miguuni mwa vitanda, zikilowa, zikipotea, zikijazwa mwandiko ambao mwenyewe kesho yake hausomi. Kila wodi ingepewa simu moja. Nesi akimpa mgonjwa dawa anagusa jina lake, anagusa dawa, kazi imekwisha. Zamu ikibadilika, simu inakabidhiwa pamoja na funguo za kabati la dawa.

Swali likawa programu hiyo ikae wapi. Kwa asiyejua kazi yetu nieleze kidogo. Kuna programu inayoishi ndani ya kivinjari, kile kile unachofungulia magazeti na picha za harusi za watu. Hupakui chochote, unafungua anwani na kuanza kazi. Na kuna ile unayoipakua ukaiweka kwenye simu yenyewe, ikakaa humo na vitu vyake vyote. Waandishi wa programu wameshikana mashati juu ya hizi mbili tangu zamani, na sidhani kama wataachiana leo.

Shemeji alitaka ya kivinjari, na alikuja kikaoni amejiandaa.

"Simu za wodi ni za kila aina," alisema. "Nyingine kuukuu, nyingine zimejaa mpaka haziwezi kupokea hata picha. Tukiandika ya kupakua, nusu yake zitaikataa. Halafu nikikosea dozi moja kwenye orodha, nitaanza kumbembeleza nesi mmoja mmoja apakue toleo jipya. Ya kivinjari nikiisahihisha asubuhi, mchana wote wanayo."

"Na wodi zisizo na mtandao?" nikauliza. "Zile kuta ni nene."

"Rekodi zitakaa ndani ya kivinjari mpaka nesi afike penye mtandao. Zitajituma zenyewe."

Nikamwambia kwamba kukaa ndani ya kivinjari ni kukaa nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akiamua kutoa vitu vyako nje hakuulizi. Wote wakacheka, na Shemeji akacheka kuliko wote. Bosi yeye alitaka ya kupakua kwa sababu wateja wanapenda kuona kipicha chao kwenye simu, jambo ambalo si sababu hata kidogo. Shemeji akaibomoa hoja hiyo kwa heshima, na yangu akaibomoa pamoja nayo. Bosi akanyanyua mikono. Ikaandikwa ya kivinjari.

Nayo ilikwenda vizuri, vizuri hata nikaanza kuitilia shaka. Nilipima kila balaa nililoweza kuliwaza. Nilizima simu katikati ya kuandika, nikaiangusha, nikaiacha iishiwe chaji, nikajifungia nayo stoo kusikofika mtandao. Rekodi zilitoka salama salimini. Shemeji aliwafundisha manesi mwenyewe, wodi kwa wodi, na mwisho wa kila somo aliwaambia maneno yale yale: "Msibabaike. Iaminini simu."

Katika wodi ya wanawake kulikuwa na nesi ambaye somo lile lilimfurahisha kuliko wote, kwa sababu mwalimu alikuwa mdogo wake. Kila mtu humwita Mama Pacha, kwa watoto wake wawili aliozaa na Bosi wetu. Mama yao yeye na Shemeji alifariki Shemeji akiwa hajajua hata kufunga vifungo vya shati, na Mama Pacha, akiwa bado msichana wa shule, ndiye aliyemfundisha kuvifunga. Kwa hiyo aliposimama pale na kumsikiliza akieleza mambo ya mtandao na ya seva, ile kompyuta kuu inayopokea rekodi za wodi zote, alitazama huku na huku kuhakikisha kila mtu anasikia.

Ni mwanamke wa usafi unaochosha watu. Nyumbani kwake kiatu hakivuki mlango, na wodini shuka likiwa na kunjo moja analitandika upya na mgonjwa yumo. Metroni, mkuu wa manesi wote, alikuwa akimtolea mfano mbele ya wenzake, na wenzake walimpenda hivyo hivyo, kwa shingo upande.

Kisha zikaanza kuja ripoti.

Kila asubuhi programu ilikuwa ikitoa orodha ya dawa ambazo hazikutolewa, na pembeni ya kila moja iliandika kwa rangi nyekundu: HAJAPEWA. Wodi zote zilikuwa na mbili tatu, mambo ya kawaida. Lakini wodi ya wanawake ilianza kuonyesha wekundu ule kila Mama Pacha alipokuwa zamu, na ni zamu zake tu. Ilikuwa vidonge vya mwisho, sindano za mwisho, zile za kabla ya kukabidhi. Wengine wakasema amechoka. Wengine, wale waliochoshwa na shuka zake, wakasema siku zote walijua usafi ule ni wa kuonyesha watu, na kwamba dakika za mwisho anawaza kwenda nyumbani. Yeye alisema dawa zote ametoa. Simu ilisema hakutoa.

Bosi alimwita Shemeji, akafunga mlango ambao haufungiki vizuri, tukasikia sote.

"Hakikisha tena," Bosi alisema.

"Nimehakikisha."

"Seva?"

"Seva haijapoteza hata herufi. Mama Kasoro naye amepima. Wodi nyingine zinatumia programu hiyo hiyo na rekodi zao zinafika."

"Kwa hiyo unaniambia nini?"

Shemeji hakujibu, na Bosi hakurudia kuuliza. Alipotoka, alikaa mbele ya kompyuta yake bila kuigusa. Nilimhurumia, lakini hasira nilikuwa nayo vilevile, kwa sababu kimya chake kilikuwa kimeshajibu.

Kilichotokea nyumbani kwa Bosi nimesimuliwa na ndugu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana hata neno. Ilikuwa Jumapili. Shemeji huwa anakula kwa dada yake Jumapili, na siku hiyo pia alikwenda. Mama Pacha alikuwa akipakua chakula jikoni huku akilalamika juu ya ile ripoti, na Bosi alikuwa amezama kwenye gazeti ambalo alishalisoma. Mama Pacha akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe unasemaje?"

Shemeji akasema, taratibu, "Dada, programu haina sababu ya kudanganya."

Mama Pacha akaweka upawa chini. "Na mimi ninayo?"

Hakupandisha sauti. Alimpakulia chakula, akamwekea mbele yake, akaenda kukaa na watoto chumbani. Shemeji aliniambia alikimaliza chote kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Haukupita muda Mama Pacha akapewa barua ya kuitwa mbele ya kamati. Kuacha kutoa dawa si mchezo. Akikutwa na hatia unga umemwagika, na si hapo tu, kwa sababu angefutwa kwenye orodha ya manesi na asingeshika sindano popote tena. Miaka yake yote ya kazi ingeishia kwenye maneno ya aibu ambayo pacha wangekuja kuyasikia shuleni. Na ushahidi ulikuwa mmoja tu, programu yetu. Mbaya zaidi, Bosi ndiye aliyetakiwa kuipeleka ripoti na kuieleza, yeye kama mwenye kampuni. Alijaribu kumsukumia Shemeji. Shemeji akasema yeye atakwenda wodini kuchukua rekodi za zamu ya mwisho, ili ripoti iwe kamili, na akaniomba nimsindikize. Nadhani aliogopa kwenda peke yake. Mimi nilikubali kwa sababu nilitaka kuona.

Asubuhi ya kikao tulifika wodini wakati zamu ya usiku ikijiandaa kukabidhi. Meza ya manesi iko nje, kwenye korido, mahali ambapo mtandao unafika; ndani vitandani haufiki. Mama Pacha alikuwa anamalizia ndani. Sare yake ilikuwa imenyooka kana kwamba usiku haukumgusa. Alitoka ameshika simu ya wodi, akatuona.

"Dada, shikamoo," alisema Shemeji.

"Marahaba," alijibu akiitazama meza.

Nesi wa zamu mpya, binti mwenye haraka, akasaini kupokea funguo. Mama Pacha akamweleza wagonjwa, nani ana homa, nani hakulala. Wakati huo huo akaanza kuisafisha simu. Alifungua mipangilio ya kivinjari, vidole vyake vikienda bila yeye kutazama. Akachagua kufuta. Kulikuwa na visanduku kadhaa vya kuweka alama, na aliviwekea alama vyote, cha kwanza mpaka cha mwisho. Akabonyeza, akaifuta na kioo chake kwa kitambaa chenye dawa, akaikabidhi.

Ukutani nyuma yake kulikuwa na agizo la Metroni, limeandikwa kwa herufi kubwa: SIMU IKABIDHIWE SAFI KAMA WODI. Agizo hilo lina historia yake. Kabla hata sisi hatujaleta programu, nesi mmoja alikabidhi simu akiwa ameacha mazungumzo yake na mchumba wazi, na zamu iliyofuata ikayasoma kwa sauti. Tangu hapo kila nesi alitakiwa kufuta alichokifungua. Wengi walifuta juu juu, au hawakufuta kabisa, na Metroni alikuwa akiwagombeza. Aliyetii mpaka kisanduku cha mwisho alikuwa mmoja.

Mama Pacha akachukua mkoba wake, akashuka ngazi kwenda kwenye kamati, bila kuaga.

Nilimtazama Shemeji. Alikuwa bado anaangalia mahali pale pale ambapo vidole vya dada yake vilikuwa. Midomo yake ilikuwa inatembea, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Amefuta," alisema.

"Amefuta nini?"

"Vyote. Hajafuta kurasa tu. Amefuta na ghala la kivinjari." Akanishika mkono kwa nguvu. "Alizoandika mwisho kule ndani kusikofika mtandao, amezifuta kabla hazijapata muda wa kujituma."

Nilipima kuzima, kuangusha, kuishiwa chaji. Nani angewaza kupima usafi? Shemeji alikuwa ameshafungua kompyuta yake juu ya meza ya manesi, akaitazama seva. Kitanda cha nne, bibi mwenye kisukari, insulini ya asubuhi: HAJAPEWA.

Yule nesi mwenye haraka hakuwepo tena mezani. Wala sinia ya sindano haikuwepo.

Tulimkuta kando ya kitanda cha nne. Alikuwa ameshavuta dawa, sindano iko mkononi inaelekea juu, anatoa hewa. Bibi amefunuliwa tumbo.

"Sista, ngoja," alisema Shemeji. "Usimchome."

"Samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika hiyo programu."

"Basi programu yako inasema hajapewa. Na sukari nimempima sasa hivi, iko juu."

"Itakuwa juu. Kama amechomwa muda si mrefu, dawa haijaanza kufanya kazi. Ukimwongezea nyingine zitafanya kazi zote pamoja, na sukari itashuka kupita kiasi. Usiiamini programu."

Nesi alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kumweka. "Wewe mwenyewe ulisimama pale ukatuambia tuiamini simu."

"Nilisema. Nimekosea."

"Na kama hajapewa? Chai inakuja, atakunywa, sukari itapanda zaidi. Nani atakayejibu, wewe au mimi?"

Alikuwa na haki, na ndilo lililotisha. Dozi mbili zingeweza kumuua bibi yule, na kumnyima dozi yake kungeweza kumletea madhara ya namna nyingine, na sisi tumesimama pale na mashine iliyokuwa haijui kitu ila inasema kwa wino mwekundu. Nilimwinamia bibi.

"Bibi, umeshachomwa sindano leo?"

"Ndiyo," alisema bibi, macho yamefumba.

"Au bado hujachomwa?"

"Ndiyo, mwanangu."

Nesi akaweka sindano kwenye sinia, akaifunika. "Nendeni mkamuulize aliyetoka. Mkichelewa, nitafanya kazi yangu."

Zile ngazi sijui tulizishukaje. Shemeji alikuwa mbele, na hakubisha hodi.

Walikuwa wamekaa kuizunguka meza ndefu, mkurugenzi wa hospitali kwenye kichwa cha meza, Metroni kulia kwake, Bosi pembeni na ripoti yetu mapajani, amejikunja kama aliyeketi kwenye kiti cha mtoto. Mama Pacha alikuwa upande wa pili, peke yake, mikono imelala juu ya mkoba. Metroni alikuwa anasema kitu. Shemeji alimkata kauli, yeye ambaye hajawahi kumkata mtu kauli tangu nimjue.

"Dada. Bibi wa kitanda cha nne. Ulimchoma insulini?"

Mama Pacha alimtazama. Nilidhani hatajibu. Nilidhani atamwacha mdogo wake aumie kama yeye alivyoumizwa, na juu kule sindano ilikuwa inasubiri.

"Nilimchoma," alisema. "Mwishoni kabisa, kabla ya kukabidhi. Tumboni, upande wa kushoto, kwa sababu kulia pameanza kuwa pagumu."

Shemeji akamgeukia Metroni. "Mama, nakuomba. Juu wanataka kumchoma tena. Sasa hivi."

Metroni ni mama mzito ambaye hakuna mtu hospitalini aliyewahi kumwona akikimbia. Alikimbia. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi.

Mkurugenzi akamtaka Shemeji aeleze, na Shemeji akaeleza akiwa amesimama. Alisema programu iliandikwa ikae ndani ya kivinjari. Alisema ni yeye aliyechagua hivyo, na wenzake walipouliza aliwashinda kwa maneno. Alisema rekodi zisizotumwa zilikuwa ghalani mwa kivinjari, na mtu akikisafisha kivinjari kama hospitali ilivyoagiza, anazifuta bila kujua. Kwa hiyo nesi mchafu wa simu rekodi zake zilikuwa kamili, na nesi msafi alionekana mvivu.

"Hayo ni maneno," alisema mkurugenzi. "Nitaaminije?"

Shemeji akaomba simu moja ya wodi. Akazima mtandao mbele yao, akaandika kwamba mgonjwa wa majaribio amepewa dawa. Akampa dada yake. Alimpa kwa mikono miwili.

"Isafishe kama unavyosafisha siku zote," alisema.

Akaisafisha. Vidole vile vile, visanduku vyote. Shemeji akawasha mtandao, akafungua programu, akaisukuma simu katikati ya meza. HAJAPEWA. Bosi aliikunja ripoti yake, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo haikunjiki.

Metroni alirudi anahema. Alisema amemwahi nesi, na tumbo la bibi lina alama mpya ya sindano, kushoto. Kisha akakaa chini kwa uzito wake wote.

"Kuna mama mmoja kwenye wodi ile," alisema, bila kumwangalia mtu. "Wiki nzima analalamika kwamba anapewa vidonge mara mbili. Tulimwambia amechanganyikiwa."

Mama Pacha alisafishwa jina lake pale pale, na mkurugenzi akaagiza programu isimamishwe, karatasi zirudi miguuni mwa vitanda, na wagonjwa wote wa wodi ile wapimwe. Sisi hatukutetea chochote. Tungetetea nini?

Shemeji alimfuata dada yake mpaka kwenye ngazi za nje. Nami nilikuwa nyuma, sikuwa na pa kujificha.

"Dada, nisamehe."

Mama Pacha alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, au kwa mengine. "Leo umekuja kuniuliza kwa ajili ya bibi," alisema. "Na umefanya vizuri. Kwa ajili yangu hukuniuliza."

Akaenda zake nyumbani kulala. Shemeji alibaki pale amesimama kwenye jua, watu wakimpita kulia na kushoto.

Kazi hatukunyang'anywa. Mkurugenzi alisema aliyeijua kasoro ndiye atakayeiondoa, lakini safari hii manesi waulizwe. Tukarudi kwenye kile kikao chetu cha ya kivinjari au ya kupakua, ila hakikuwa na kelele. Shemeji alisema iwe ya kupakua, rekodi zikae mahali pake ambapo kufuta kivinjari hakufiki. Simu zilizojaa tutazipunguzia vitu wenyewe, moja moja. Matoleo mapya atakwenda nayo wodini kwa miguu ikibidi.

"Hata hiyo ya kupakua mtu anaweza kuifuta yote," nilimwambia.

Zamani angenieleza kwa nini si kosa. Alisema, "Najua. Ndiyo maana haitakubali zamu ikabidhiwe mpaka kila rekodi iwe imefika. Ipime hapo kwanza, na unisaidie kuwaza jingine."

Ilipokaribia kukamilika alimwomba Bosi amlete Mama Pacha ofisini aijaribu kabla ya mtu mwingine yeyote. Jumapili alikuwa hajaenda kula kwake tangu siku ile. Mama Pacha alikuja baada ya zamu, akavua viatu mlangoni ingawa ofisi yetu haistahili heshima hiyo, akakaa kwenye kiti cha Shemeji, naye Shemeji akasimama. Mama Pacha aliijaribu programu bila haraka. Alizima mtandao, akaandika, akataka kukabidhi, ikamkatalia. Akawasha, ikajituma, ikamruhusu. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua orodha ya mgonjwa ambaye hakuandikiwa kitu, akanyoosha kidole.

"Hapa kwa nini inasema hajapewa?"

"Kwa sababu hakuna rekodi, Dada."

"Hakuna rekodi ni hakuna rekodi. Inajuaje kwamba hajapewa? Ilikuwepo?"

Shemeji alifungua mdomo, na mimi niliyemzoea nilijua jibu lipo, maana huwa lipo siku zote. Akaufunga.

"Iandike nini?" aliuliza.

"Iandike, 'Muulize nesi.'"

Alimpisha kiti. Shemeji akakaa, akaitafuta ile sehemu, akalifuta lile neno jekundu, akaandika jipya. Dada yake alikuwa amesimama nyuma yake, akiyafuata maandishi mpaka herufi ya mwisho.

"Sasa isome kwa sauti," alisema.

Bosi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mimi sikujifanya, nilitazama. Shemeji alikiangalia kioo muda mrefu kwa mtu mwenye maneno mawili tu ya kusoma. Alisema, "Muulize," na la pili halikutoka. Mama Pacha akaweka mkono wake kwenye bega la mdogo wake, akalingoja.